Koti la Pili la Papa Victoire

Jumatatu, 4 Machi 1974

"Mzazi asiyeonekana mezani saa ya chakula ni maiti anayetembea." Ndivyo alivyosema Wenceslas jana baada ya misa, mbele ya kamati nzima ya wazazi wa shule. Seremala! Mtu aliyesoma kitabu kimoja maishani, nacho ni orodha ya bei za misumari. Na alipokuwa akisema, alikuwa akinitazama mimi.

Uongo mtupu. Naukanusha hapa hapa. Kwanza, maiti hatembei. Pili, maiti hana kazi, na mimi ninazo nne. Asubuhi ofisini, chumba cha majalada. Alasiri, mazoezi ya nyimbo na ngoma za chama, maana siku hizi karani asiyekata kiuno hapandi cheo. Jumamosi salongo, kufukua mitaro ya mtaa, na asiyeonekana anajieleza kwa askari. Kazi ya nne ni kufikiri. Nimesoma vitabu zaidi ya mia tatu. Nimewaandikia wahariri barua arobaini na moja. Mbili zilichapishwa.

Halafu nyumba. Victoire ana miaka kumi na mmoja, Désiré saba, Berthe minne. (Shuleni wana majina ya mababu, kama amri inavyotaka. Hapa ndani, mlango ukifungwa, tunawaita tulivyowabatiza.) Mama yao, Marie-Jeanne, anauza samaki wakavu soko la Mangobo, na mashua za Basoko zikifika anarudi amechoka hata kuvua kanga hawezi. Kwa hiyo jioni zote ni zangu. Désiré anataka hesabu. Victoire anataka sahihi kwenye daftari. Berthe hataki kitu ila mkono wangu mgongoni mwake mpaka asinzie. Nusu saa! Mkono wa kuume! Mkono wa kuandikia!

Nimeamua. Nitaandika kitabu: Mizani ya Mzazi. Namna ya kuwa baba na bado ukabaki mtu. Kitamzika Wenceslas na misumari yake. Kinachokosekana ni muda tu. Muda nitautafuta.

Jumanne, 5 Machi

Ufunuo, saa tatu asubuhi.

Hubert, jirani yangu wa meza ofisini, hajaonekana tangu Ijumaa. Lakini koti lake liko mgongoni mwa kiti. Mkuu wa ofisi kapita, kauliza kama Hubert yuko. Sote tukajibu yuko, si koti lake hilo hapo? Mkuu akaridhika, akaenda. Hii ni desturi yetu ya siku nyingi. Koti likiwa kwenye kiti, mtu yuko kazini. Mimi mwenyewe nimekuwa kazini hivyo mara nyingi sana, nikiwa mahali pengine kabisa.

Nikajiuliza: kwa nini raha hii ifaidiwe na serikali peke yake?

Maana nyumbani wananijua kwa mgongo. Jioni nakaa kwenye kiti changu, uso dirishani, redio ikinong'ona habari. Na iko sheria, niliitunga mwenyewe: saa ya redio hakuna kumsemesha papa. Madaftari yawekwe mezani, kimya, watu waende.

Saa kumi nikaenda kwa Assumani, fundi cherehani, mtu wa Maniema, mikono taratibu na ulimi mkali. Nikataka abakosti ya pili, lile koti letu la kiserikali lisilo na tai, sawa na hii ninayovaa: kitambaa kile kile cha rangi ya majivu, vifungo vile vile. Akauliza nani ataivaa. Nikasema hakuna. Akaacha kukanyaga cherehani. "Papa, mi nashonea watu. Ule hakuna-mutu, nitamupima wapi?" Nikamwambia achukue vipimo vyangu vya zamani. Akasema daftari la vipimo lililiwa na mchwa, nisimame anipime. Nisimame! Mazoezi ya ngoma yanaanza saa kumi na nusu! Jua lilikuwa limenitupa kwenye ukuta wake mweupe, nikamwonyesha kivuli changu: pima hicho. Alicheka. Akaona mimi sicheki. Akapanda kiti na utepe wake, akapima mabega, mikono, urefu. Nikamwambia nimechelewa, naondoka. Akajibu bila kugeuka kwamba niende tu, kivuli kinajua kusimama kuliko mimi.

Niliondoka. Nilipofika kona nikatazama nyuma. Assumani alikuwa bado anapima.

Alhamisi, 7 Machi

Koti limefika. Kubwa kidogo. Kivuli cha saa kumi ni kirefu, Assumani hana kosa.

Saa kumi na mbili kasoro nikaliweka kitini, mto ndani yake, mabega yakakaa vizuri. Uso dirishani, kama ungekuwepo uso. Redio chini chini. Nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Hubert kanipa ufunguo wa mahali. Lile duka la Mgiriki pembeni mwa Mangobo, lililotwaliwa na serikali mwaka jana likapewa mwananchi fulani. Mwananchi aliuza vilivyokuwemo, kisha hakurudi. Rafu tupu hadi darini. Vibandiko vya bei bado viko: sardini, sabuni, mishumaa, chini yake hakuna kitu. Juu ya kaunta imebaki mizani ya zamani yenye sahani mbili za shaba. Nikakaa hapo na taa yangu. Kimya! Nilisahau kwamba duniani kuna kimya! Kurasa kumi na moja.

Saa mbili nikarudi. Watoto wamelala. Madaftari yamepangwa mezani. Marie-Jeanne akanishukuru. Alisema leo nilikuwa mpole, sikumfokea Désiré kwa sababu ya jedwali la mara saba.

Ushindi!

Jambo moja dogo. Sahani moja ya mizani ilikuwa imeshuka kuliko nyingine, na haikuwa na kitu. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Ataachaje mizani iliyo sawa?

Jumamosi, 9 Machi

Nimepanua mradi. Salongo!

Alfajiri ukungu wa mto ulikuwa mzito, mtu humwoni kwa hatua kumi. Nikasimika jembe mbele ya nyumba, ukingoni mwa mtaro, nikalivika koti, juu yake kofia yangu ya zamani. Évariste, katibu wa mtaa, akapita na karatasi yake akaita majina. Mimi nikiwa nyuma ya mgomba nikajibu: yuko! Akaandika. Nikaondoka dukani. Kurasa kumi na nne, sura ya Pumziko.

Saa tatu nikarudi kuchukua koti. Mtaro wa mbele ya nyumba yetu ulikuwa umefukuliwa. Wote. Umenyooka kama mstari wa rula, kingo zimepigwa laini, udongo umerundikwa upande mmoja. Évariste akaniita mbele ya watu akataka nipigiwe makofi. Wenceslas, tope hadi magotini, akasema kwa uchungu kwamba hakujua kumbe nami nina mgongo. Nikapokea makofi. Kwa nini nisipokee?

Nilipouliza nani alinisaidia, wakaangua kicheko. "Papa Victoire na maneno yake! Hata kazi akifanya anataka tubishane!"

Nikatazama viganja vyangu. Laini kama vya askofu. Mikono ya koti ilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye viwiko.

Ni vijana wa chama tu. Walinihurumia kwa sababu ya umri. Lazima ni hivyo.

Bibi mmoja wa nyumba ya pili akaniuliza kivuli changu nimekiacha wapi. Nikamwelimisha. Mwezi wa Machi, hapa kwetu, jua la mchana husimama juu ya utosi na hakuna mwenye kivuli, hiyo ni jiografia ya darasa la tano. Akaitikia ndiyo papa, ndiyo papa. Baadaye nikakumbuka ilikuwa saa tatu asubuhi. Yeye alikuwa nacho.

Jumatatu, 11 Machi

Désiré kang'oka jino la mbele. Anacheka na pengo lake, anatema mate mbali kuliko wenzake, furaha tupu. Jino la kwanza ni kazi ya baba: baba hulitupa juu ya bati, mtoto akitazama, ili jipya liote limenyooka. Nikamwambia alilete basi tulitupe upesi, nina haraka. Akasema ameshampa papa. Nikauliza papa yupi. Akanitazama kama mtu anayeulizwa mvua ni nini. Akaonyesha kiti.

Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti. Maganda ya karanga. Kipande cha kalamu ya Victoire. Jino, limefungwa vizuri kwenye jani.

Nimelitia mfukoni mwa shati langu. Nitalitupa kesho, nikipata nafasi. Désiré aliuliza mara tatu ni kesho saa ngapi.

Halafu madaftari. La Victoire limetiwa sahihi. Ni sahihi yangu, na mkia wake. Lakini herufi zote zimo! Yangu huishia katika mstari tu kwa sababu siku zote kuna mahali ninapotakiwa kuwa. Na chini ya hesabu za Désiré, kwa mwandiko wangu: Vizuri. Rudia ya tatu, polepole.

Sijawahi kuandika "vizuri" katika maisha yangu yote.

Nimefikiri hadi kichwa kikauma, na nimempata mhalifu. Wenceslas. Anaingia kwa mlango wa jikoni nikiwa sipo, anakaa kwenye kiti changu, kiti alichokitengeneza mwenyewe kwa hiyo anajua kinavyolia, anawasomesha watoto wangu ili aniaibishe mbele ya kamati. Seremala huiga chochote. Nitamkamata.

Jumatano, 13 Machi

Aibu. Lakini si yangu.

Nilijifanya nimeondoka. Nikazunguka nyumba, nikachuchumaa chini ya dirisha langu mwenyewe, kati ya mihogo. Saa kumi na mbili na nusu. Mwanga wa mwisho, popo wameanza kutoka. Redio ilikuwa inanong'ona. Nikainua kichwa taratibu.

Koti lilikuwa kitini. Berthe alikuwa juu ya magoti yake. Nasema magoti kwa sababu sina neno jingine, alikuwa amelala mahali ambapo magoti yangekuwa, na hakuanguka. Mkono wa koti ulikuwa mgongoni mwake. Ulikuwa unapanda na kushuka. Unapanda na kushuka.

Ni pumzi ya mtoto. Mtoto akipumua, kilicho juu yake hupanda na kushuka. Nimesoma.

Hapo nikashikwa shingo. Wenceslas! Si ndani: nje, nyuma yangu, na nyundo mkononi! Akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mwizi! Papa Victoire, toka inje, mwizi iko ku dirisha yako!"

Redio ikazimwa.

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapoinuka.

Wenceslas akatazama dirishani. Akanitazama mimi. Akatazama tena dirishani, kwa muda mrefu. Akaniachia shingo kidole kimoja kimoja, akasema jioni njema kwa sauti ndogo, sijui alimwambia nani, akaenda nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, bila kugeuka. Akasahau nyundo.

Mimi nami sikutazama dirishani tena. Si woga. Ilikuwa saa moja, na sura ya Subira ilikuwa inanisubiri dukani.

Kwa hiyo si Wenceslas. Hata hivyo simwombi radhi. Aliniita mwizi.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamua kuwa muungwana. Leo nitakula na watu wangu, nimeahirisha hata sura ya Chakula cha Pamoja. Nikaingia kwa mlango wa mbele, saa kumi na mbili kamili, mkono juu kusalimu.

Walikuwa mezani. Lituma ya ndizi, samaki, pondu ya majani ya mihogo. Kiti changu kilikuwa na koti, na mbele ya koti sahani, na sahani ilikuwa imeshaliwa nusu. Miiba ya samaki imepangwa pembeni moja moja. Mimi siipangi miiba. Mimi humeza na kukohoa.

Marie-Jeanne akanivutia kigoda cha wageni. Akaniletea chakula kwenye lile bakuli lenye mfuniko, la wageni. Akaniuliza huko nilikotoka wote ni wazima? Nikamwuliza huu ni mchezo gani, Mama Victoire. Akafuta mikono polepole. "Mi sina nguvu ya kuishi na wanaume wawili, papa. Ule mwenye anabaki, ndiye nitamupikia." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kujibu.

Nikaanza hoja yangu, kwamba koti ni kitambaa tu na kwamba mimi ndimi niliyelilipia. Victoire akaweka kidole mdomoni. Redio ilikuwa inanong'ona. Sheria ni sheria.

Désiré peke yake alinisogelea. Akauliza sikioni: jino? Nikamwambia kesho.

Nikala haraka. Mgeni ana faida zake, haoshi vyombo wala haulizwi hesabu. Saa moja kasoro robo nilikuwa dukani. Kurasa tisa! Sahani ya mizani, ile tupu, sasa imegusa kaunta.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua kubwa alfajiri. Koti langu ninalovaa limelowa chapa maji, nililisahau kwenye kamba. Nikataka kuchukua lile la kitini. Berthe akalishika mkono akalia, si kilio cha ukaidi, kilio kile cha mtoto anayeona baba yake anachukuliwa na askari. Mtaa ukaanza kusikiliza. Nikaliacha. Nikaenda ofisini na shati.

Nimekaa mezani kwangu tangu saa moja na nusu. Nasisitiza: nimekaa. Saa nne mkuu akapita. Akasimama mbele yangu, akauliza Kasongo yuko wapi. Kasongo ni mimi! Nikasema niko hapa, mkuu. Akatazama mgongo wa kiti changu. Akamwuliza Hubert tena. Hubert, ambaye leo amekuja kwa bahati mbaya, akainua mabega: koti hakuna, mkuu. Mkuu akaandika: hayupo. Nikasimama, nikapiga meza, nikataja vifungu vitatu vya kanuni za utumishi. Mkuu akasema dirisha lifungwe, kuna upepo.

Akaenda. Nikamkaba Hubert kwa maneno: unaniona au hunioni? Akajikuna shingo. Akasema ananiona kidogo, ndugu yangu, lakini kwa nini sikuacha koti kama watu wote?

Huu ndio ukiritimba! Nimeandika barua ya arobaini na mbili. Nimeiweka mezani kwa tarishi. Jioni barua ilikuwa bado ipo, na juu yake mtu ameegesha kikombe.

Jumanne, 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Misa ya asubuhi. Watoto walikuwa benchi la pili. Victoire alilibeba koti kwa mikono miwili, akalikalisha kati yake na mama yake. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango, hakuna aliyesogea kunipisha. Padri akahubiri kwamba Yosefu hasemi neno hata moja katika Injili yote. Hakuna hotuba, hakuna barua. Alikuwepo tu. Nilitaka kuinuka kupinga, maana hoja hiyo ni dhaifu sana, lakini nilikuwa nimesimama tayari.

Baada ya misa, kamati. Jina la Papa Victoire likatajwa kuwa baba wa mfano wa mwaka huu. Makofi. Wenceslas hakupiga. Alikuwa ameketi pembeni, uso umemshuka, anatazama benchi la pili na mara moja moja anatazama mlangoni. Kwangu. Yeye peke yake.

Alasiri nikaenda dukani. Ni siku ya kumaliza. Kurasa mia na kumi na moja, imebaki sentensi ya mwisho.

Saa kumi na moja na nusu mlango ukasukumwa. Berthe, miguu mitupu, kamasi, vumbi la njia nzima ya Mangobo. Nyuma yake Victoire, hakuingia, alisimama kizingitini. Berthe akafika kwenye kaunta, akashika ukingo kwa vidole vyote. "Papa, kuya. Kiti iko wazi. Ule ametoka kidogo."

Nikauliza ametoka kwenda wapi. Hakujua. Victoire akasema kutoka mlangoni, kama mtu anayesoma barua ya mwingine, kwamba mama anasema nije sasa, kabla ya saa kumi na mbili. Nije nikae tu. Si lazima niseme kitu.

Wananiita! Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo! Nikawaambia nakuja, nakuja mara moja, wanisubiri nimalize sentensi hii. Ilikuwa karibu sana. Ilisema: Mzazi mwenye mizani ni yule ambaye. Ni yule ambaye nini? Nikaandika "anajua", nikafuta. Nikaandika "anachagua". Berthe akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, ule wa kuume. Nikausogeza taratibu, kwa upendo, maana wino ulikuwa haujakauka.

Nilipoinua kichwa hawakuwepo. Kwenye kaunta kulikuwa na alama za vidole vinne vya vumbi. Nje kulikuwa na kiza.

Sentensi lakini ni nzuri.

Nikakiweka kitabu chote kwenye mizani, kwenye sahani ya juu, nione uzito wa kazi yangu. Haikushuka. Nikapapasa mfukoni kitu cha kulinganisha, nikapata lile jino. Kwanza nikaliweka pamoja na kitabu. Hapo sahani ikashuka kwa kishindo, kurasa zikaruka. Nikaliondoa jino. Ikapanda. Nikaweka kitabu peke yake, ikakaa juu kama haina kitu. Nikarudia mara tano. Mizani mbovu! Nilisema tangu siku ya kwanza! Nikaondoka kwa hasira, na jino nadhani limebaki huko kwenye sahani. Nitalirudia kesho.

Nyumbani mlango umepigwa komeo. Dirishani mwanga, mabega, redio. Nikabisha. Nyayo zikaja, Victoire akasema kwa adabu kupitia ubao wa mlango kwamba wanaomba radhi, papa yuko, na saa ya redio hawapokei wageni. Nikasema ni mimi. Akasema, "Njoo kesho, tonton." Tonton, yaani mjomba!

Nimeketi ukingoni mwa mtaro, ule uliofukuliwa vizuri. Naandika kwa mwanga wa dirisha langu. Akili yangu iko safi kabisa, kosa nimeliona, na ni dogo: kivuli kilipimwa saa kumi, kikatoka kirefu. Kipimwe saa sita! Kesho mapema nakwenda kwa Assumani kuagiza koti la tatu, fupi, la kukaa mlangoni na kugombea nafasi yangu nikiwa nashughulikia toleo la pili.

Basi ukurasa huu naukata, naupitisha chini ya mlango wa seremala, ausome kwa kamati. Ninyi akina baba wa kamati ya wazazi, mnaolalamika kila Jumapili kwamba hamna muda: nawataka, mmoja mmoja, Alhamisi hii, mbele ya ukuta mweupe wa Assumani, saa sita kamili. Msingoje hadi amalize kupima.

Na wewe, Wenceslas. Pazia lako limesogea mara tatu tangu niketi hapa. Nyundo yako ninayo. Toka nje, simama barabarani mbele ya mtaa mzima, useme kwa sauti kwamba unaniona.